Afya ya Nyumbani: Mafua na Siku ya Chanjo

Wazazi wengi hutuuliza: siku ya chanjo ya surua ikifika, na mtoto ana mafua, je, wangoje? Twajibu: mafua mepesi si sababu ya kungoja, mwili wa mtoto waweza kuipokea chanjo hata hivyo. Bali mtoto mwenye homa kali, au aliyelegea asiyenyonya, na atibiwe kwanza, achanjwe akiisha kupona.

Katika Tanzania na Kenya chanjo hii hutolewa kwa miezi 9, na tena kwa miezi 18. Akosaye siku yake hubaki bila ngao. Na surua huenea kwa pumzi, ikileta kichomi, upofu, hata mauti.

Basi, enyi mama, msirudi njiani kwa ajili ya kamasi. Fikeni, mwelezeni mganga hali ya mtoto, naye ataamua.