Bima ya afya ya ziada isiwabague wakulima wenye ulemavu

TANGU Oktoba 2024, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) ilipochukua mahali pa NHIF nchini Kenya, familia isiyotegemea mshahara hutakiwa kuchangia asilimia 2.75 ya mapato yake. Mkulima ambaye familia yake hupata Sh240,000 kwa mwaka hulipa Sh6,600. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Awe anatembea kwa miguu au kwa kiti cha magurudumu, kinachohesabiwa ni mapato.

Tofauti hujitokeza anapotafuta bima ya ziada katika kampuni ya kibinafsi, ili agharimie yale ambayo SHIF haifikii. Hapa ada hupangwa kwa kupima hatari. Mwombaji huulizwa umri na historia ya afya yake, kisha anaweza kutozwa zaidi, kuwekewa muda wa kungoja au kunyimwa baadhi ya huduma.

Kupima hatari ndiyo biashara ya bima. Kosa ni kuuchukulia ulemavu kuwa ugonjwa. Mathalan, mchuuzi wa maziwa aliyepoteza mguu katika ajali miaka kumi iliyopita hakabiliwi na hatari ya malaria au kidole tumbo kuliko jirani yake. Kumtoza zaidi kwa matibabu hayo ni ubaguzi, na kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, uwe wa serikali au wa mtu binafsi.

Ni kweli kwamba ulemavu mwingine, kama unaotokana na jeraha la uti wa mgongo, huandamana na gharama za kudumu. Hata hivyo, gharama hizo zikigawanywa kwa wanachama wengi, kila mmoja hubeba kidogo. Ndiyo sababu bima ya kikundi kwa kawaida huwa na masharti nafuu kuliko ya mtu mmoja.

Hivyo basi, vyama vya ushirika na Sacco vinaweza kujadiliana na kampuni kwa niaba ya wote, na kukata ada kwenye malipo ya maziwa au majanichai. Kabla ya kutia saini, wanachama waulize: Nani ameachwa nje? Muda wa kungoja ni miezi mingapi? Je, viungo bandia vinalipiwa?

Ofa inayowaacha nje wenye ulemavu haifai hata ikiwa rahisi. Mwanachama mwenye viungo vyote leo anaweza kukatwa mkono kesho na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe.