Mto uko karibu, shamba linakauka

Wakubwa wanatuambia teknolojia ya kilimo njo itatuokoa na ukame. Sawa. Lakini katika bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, mvua ikichelewa mahindi yanakauka na mto unapita pembeni. Juu ya nini? Mifereji mingi imejaa udongo, na mashine ya kuvuta maji kwa nguvu ya jua inapita uwezo wa mkulima mmoja. Kuko pia vijana waliosomea kilimo, wanashinda nyumbani bila kazi.

Mwaka 2003, kule Maputo, nchi za Afrika, na yetu ndani, ziliahidi kutolea kilimo asilimia 10 ya bajeti. Tunadai hizo franga zifungue mifereji, zipatie vyama vya wakulima mashine, na habari za mvua zifike kwenye simu kwa Kiswahili. Maji kwanza, hotuba baadaye!