KISIMA CHA YUSUF YUPI?



Ndugu msomaji, na hasa ninyi wanafunzi wetu wapenzi, kila mwaka jarida hili huwa na ukurasa wa ziara. Tunasoma bustani gani ilitembelewa, basi liliharibika wapi na pilau ilikuwaje. Sina ugomvi na pilau. Lakini nadhani wakati umefika tuulizane: tunapowatoa watoto kwenda kutazama athari za Waislamu waliotutangulia, tunataka warudi na nini vichwani mwao?

Mfano nitakaoutumia ni ngome ya Cairo, nchini Misri, ambayo wenyeji huiita Qal'a. Niliipanda siku moja nilipokuwa huko kwa kozi fupi ya Kiarabu. Tulitoka baada ya kifungua kinywa tukarudi kabla ya Magharibi. Ngome imekaa juu ya mwamba unaojitokeza kwenye kilima cha Muqattam. Ukisimama ukutani unaiona minara ya mji mzima chini yako, na siku isiyo na vumbi unaziona hata piramidi za Giza, ng'ambo ya mto Nile.

Aliyeianza mwaka 1176 ni Salahuddin al-Ayyubi. Sababu yake ilikuwa ya wazi. Miaka minane kabla, mwaka 1168, jeshi la Wapiganaji wa Msalaba lilipoingia Misri, mji wa Fustat ulichomwa moto ili usiangukie mikononi mwao. Salahuddin akataka ukuta mmoja uzikinge Cairo na Fustat kwa pamoja, na ngome iwe kilimani. Kazi akamkabidhi amiri wake, Qaraqush.

Hadi hapa kila mtoto wetu wa darasa la historia anafahamu, au anapaswa kufahamu. Yanayofuata ndiyo tunayoyaruka. Mawe mengine ya ujenzi yalitolewa kwenye piramidi ndogo za Giza, zikabomolewa. Msafiri Ibn Jubayr kutoka Andalusia alipopita mwaka 1183 aliwakuta mateka wa Kizungu wakichonga na kubeba mawe. Na Salahuddin mwenyewe hakuishi humo. Aliondoka Misri mwaka 1182 kwenda Shamu, hakurudi tena mpaka alipofariki Damascus mwaka 1193. Aliyekuja kuikamilisha ngome na kuhamia ni al-Kamil, mtoto wa ndugu yake. Kutoka hapo ikawa makao ya watawala wa Misri kwa zaidi ya miaka 600, hadi mwaka 1874.

Sasa nije kwenye kisima. Ndani ya ngome kuna kisima kinachoitwa Bi'r Yusuf. Siku ile tulikiona kwa juu tu, lakini hata hivyo kinashangaza. Kimechimbwa kwenye mwamba mtupu, kina chake ni karibu mita 90, kwa sehemu mbili, moja juu ya nyingine. Kandokando ya sehemu ya juu wamechonga njia ya mteremko inayozunguka kama konokono. Ng'ombe walishushwa kwa njia hiyo mpaka katikati, wakazungusha gurudumu lenye kamba na vyungu vya kutekea maji kutoka chini. Ng'ombe wengine waliokuwa juu wakayapandisha yale maji mpaka uso wa ardhi. Fikirini, wanafunzi wangu, mnaolalamika kubeba ndoo moja kutoka bombani.

Mtu mmoja aliyekuwa akitembeza watalii alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba hicho ndicho kisima alichotupwa Nabii Yusuf (A.S.). Wapo waliotokwa machozi. Mimi nikajisemea, mtoto wetu wa darasa la tano aliyesomeshwa vizuri Sura Yusuf angeweza kumsahihisha bila kufungua kitabu kingine chochote. Katika sura ile Yusuf alitolewa kisimani na wasafiri, kisha ndipo akachukuliwa na kuuzwa Misri. Vipi basi kisima kiwe ndani ya Misri? Yusuf wa kisima hiki ni Salahuddin mwenyewe, kwani jina lake alilopewa na wazazi ni Yusuf bin Ayyub.

Tusiwacheke wale wageni. Msikiti mkubwa mweupe wenye minara miwili mirefu, unaochapishwa kwenye kalenda tunazotundika sebuleni, watu wengi huudhani ni wa Salahuddin. Ulianza kujengwa mwaka 1830 na Muhammad Ali Pasha, kwa mtindo wa Istanbul, na yeye mwenyewe amezikwa humo. Kati yake na Salahuddin imepita zaidi ya miaka 600. Msikiti wa kale unaostahili kutazamwa hasa uko jirani, ule wa Sultan al-Nasir Muhammad wa mwaka 1318, na wengi huupita bila kugeuza shingo.

Kuna na kisa cha nyama. Husemwa Salahuddin alitundika nyama sehemu mbalimbali za mji aone wapi itachelewa kuoza, na kilimani ndiko ikachelewa. Ni kisa kitamu, na mwanahistoria al-Maqrizi amekitaja. Lakini al-Maqrizi alifariki mwaka 1442. Ameipokea kwa nani? Sisi tunaowafundisha watoto isnadi za hadithi za Mtume (S.A.W.) hatuna udhuru wa kuacha kuuliza swali hilo.

Baada ya kisima na nyama linabaki lile zito. Mwaka 1811, Muhammad Ali aliwaalika viongozi wa Mamluki ngomeni kwenye sherehe ya mwanawe Tusun, aliyekuwa anakabidhiwa jeshi la kwenda Arabuni. Walipokuwa wakiteremka kutoka, katika njia nyembamba yenye kuta pande zote, malango yakafungwa. Wakapigwa risasi kutoka juu. Mamia walikufa, Waislamu kwa mikono ya Waislamu, tena wakiwa wageni walioitwa.

Nilipolisomesha jambo hili, mzazi mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza kikaoni: "Ustadh, wanaotusema vibaya hawajatosha, mpaka na wewe uwape watoto habari hizo?" Swali lake ni la mtu mwenye uchungu na dini yake, na halistahili kujibiwa kwa mkato.

Jibu langu ni hili. Mzee wangu, mtoto huyu atalisikia tu. Atalikuta kwenye simu ya kaka yake, limeandikwa na mtu asiyeutakia mema Uislamu, na siku hiyo atahisi kwamba walimu wake walimficha. Pili, wanavyuoni wetu hawakuficha. Sheikh Abdurrahman al-Jabarti, mtu wa al-Azhar aliyekuwa hai wakati ule, ameliandika tukio hilo, na dhuluma nyingine za mtawala huyo pia. Na wataalamu wa hadithi waliwataja waongo kwa majina, wakiwemo watu wa swala na saumu. Tunaopenda kufunika ni sisi wa nyuma.

Tena, anayechuja habari hapotezi zote. Ibn Shaddad, kadhi aliyekuwa karibu na Salahuddin mpaka mwisho, ameandika kwamba sultani huyo, aliyeirudisha Quds mwaka 1187, alikufa akiacha katika hazina yake dirhamu 47 na kipande kimoja cha dhahabu. Hiyo ni habari ya mtu aliyekuwapo. Kisa cha nyama kinaanguka, dirhamu 47 zinabaki, na mimi naona tumepata faida.

Wengi wetu hatutafika Cairo. Lakini Ibn Battuta aliyepita mji ule mwaka 1326, al-Nasir Muhammad akitawala kutoka ngome hiyo hiyo, ndiye aliyefika Kilwa mwaka 1331. Kilwa ni mbali kwa safari ya siku moja. Kaole, pale karibu na Bagamoyo, kunawezekana. Kuna magofu ya misikiti, makaburi, na kisima chenye visa vyake. Nimeiomba kamati ya madrasa ifikirie safari hiyo mwakani, na kila mwanafunzi aende na daftari lenye swali moja tu juu ya kila jambo atakaloambiwa: nani kasema, na yeye kajuaje? Mchango utatangazwa. Pilau itakuwepo, inshaallah, lakini italiwa baada ya madaftari kukusanywa.

Wabillaahi tawfiiq.