BWANA SHAMBA ANASEMA: Usishindane na Chombo Usichokijua



Umewahi kufunza maksai wachanga kulima? Mimi nilifunza nilipokuwa kijana. Walipokwenda kushoto, nilisukuma plau kulia kwa nguvu. Walichelewa kufuata, nikazidisha. Walipofuata, tulipita kiasi. Mfereji ukawa kama nyoka. Maksai mmoja akaumia mguu.

Jambo kama hilo liliwapata hata marubani hodari wa Marekani.

Mwaka 1977 walijaribu Enterprise, chombo cha anga chenye mabawa. Vyombo vya aina hiyo vilitakiwa kwenda angani, kurudi na kutumika tena. Wakati wa kutua havikutumia injini. Rubani akikosea, hawezi kupaa ajaribu tena.

Chombo kilibebwa mgongoni mwa ndege kubwa, kisha kikaachiwa. Mara nne kilitua salama katika ziwa lililokauka huko California, tambarare kama mbuga ya Bahi wakati wa kiangazi. Mara ya tano, tarehe 26 Oktoba, kilitua kwenye njia ya saruji. Rubani Fred Haise alitakiwa kugusa mahali maalumu. Chombo kilikuwa na mwendo mkubwa. Akavuta usukani, akasukuma, akavuta tena. Chombo kikayumba, kikagusa chini, kikaruka, mabawa yakapepesuka. Kisha kikatulia, na hakuna aliyeumia.

Kwa nini? Amri ya rubani ilipita katika kompyuta, ikachelewa kidogo, kama muda wa kupepesa jicho. Rubani alipoona hakuna mabadiliko, alizidisha.

Je, wataalamu walificha kasoro hiyo? Hapana. Walifanya majaribio zaidi. Waliongeza katika kompyuta njia ya kupunguza nguvu ya usukani unapoyumbishwa haraka haraka. Tarehe 14 Aprili 1981 chombo Columbia kilirudi kutoka angani, kikatua salama.

Marubani wa majaribio hutoa alama kutoka 1 hadi 10. Alama 1 ni chombo chepesi kuongoza. Alama 10 ni chombo kisichoongozeka.

Ndugu mkulima, nawe fanya hivyo. Kabla ya mvua za Desemba, jaribu plau na maksai wako mahali pa wazi. Toa amri, subiri, ndipo urekebishe. Mwulize na kijana anayetangulia mbele: alama ngapi? Akisema 8, usimkemee. Tengeneza kwanza, ndipo uingie shambani.