Haina moshi, lakini nikotini ni ile ile



Wiki iliyopita baada ya Isha nilikaa maskani na vijana sita, wote chini ya miaka 22. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sigara. Ungepita pale ungesema mashaallah, vijana wametulia. Lakini wanne kati yao walikuwa na kitu kimefichwa chini ya mdomo wa juu. Mmoja akanitolea kikopo cha duara, kidogo cha kuenea kiganjani, akaniambia, "Onja kaka, hii haina tumbaku. Ni minti tu."

Sio minti tu. Kile kifuko ndani kina nyuzinyuzi za mimea, ladha, kitu cha kutia utamu, na nikotini. Unakibana kati ya mdomo na ufizi, unakaa nacho hata nusu saa, nikotini inapenya ufizini inaingia kwenye damu. Hakina moshi, hakina harufu, hutemi mate. Mamako anaweza kuwa ameketi kando yako na asijue. Na hilo ndilo linalonitisha mimi, manake sigara angalau ilikuwa inajitangaza yenyewe.

Hili neno "haina tumbaku" tuliangalie vizuri. Ni kweli hakuna majani ya tumbaku mle ndani. Lakini nikotini ya vifuko vingi imetolewa kwenye jani hilo hilo la tumbaku. Ni kama mtu akuuzie sukari halafu aape kwamba haijui miwa. Na sio kidogo. Vifuko vingi vinavyouzwa duniani vina kuanzia miligramu 4 hadi 10, na vingine vinapita hapo. Mvutaji wa sigara moja huingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2. Kweli, sio yote iliyo kwenye kifuko inaingia damuni, lakini kijana anayemaliza vifuko vinane kwa siku hachezi na minti.

Nikotini inaongeza mapigo ya moyo na presha, na ukiwa hujaizoea inakupa kizunguzungu na kichefuchefu. Ufizi unawasha na kuuma. Lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba inakufunga. Ubongo wa mtu huendelea kukua mpaka kwenye miaka 25 hivi, na ubongo unaokua hushika uraibu haraka kuliko wa mtu mzima.

Tuseme haki pia. Kwa mtu aliyevuta sigara miaka 20, akiiacha kabisa akashika vifuko, madhara yanapungua, kwa sababu moshi ndio unaobeba sehemu kubwa ya sumu. Marekani iliruhusu rasmi vifuko vya ZYN mwezi wa Januari 2025 kwa hoja kama hiyo. Lakini wale wanne wa maskani hawakuwahi kuvuta sigara maishani mwao. Wao hawajaacha kitu, wameanza kitu.

Na kwetu Kenya hii hadithi sio ngeni. Mwaka wa 2019 kampuni ya BAT ilileta vifuko kwa jina la Lyft, vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka wa 2020 Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema usajili ule haukuwa halali na kwamba bidhaa hii inafaa kuwa chini ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Ikaondolewa sokoni. Baadaye ikarudi kwa jina jipya, Velo. Ile sheria ya 2007 yenyewe inataja bidhaa zenye tumbaku na hata zilizotolewa kwenye jani la tumbaku, na inakataza kumuuzia mtoto chini ya miaka 18. Sasa nenda kwenye kibanda cha mtaani kwako uone kama kuna mtu anaulizwa kitambulisho. Mimi nimeona kikopo kimewekwa kando ya peremende na chingamu, na kifuko kimoja kimoja kinauzwa kama vile unavyonunua andazi. Ubelgiji walivipiga marufuku kabisa mwaka wa 2023.

Kwa nini ukurasa wa haki unaandika habari za vifuko? Kwa sababu Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa na haki ya kulindwa afya yake. Kijana aliyeambiwa "ni minti tu" amenyimwa zote mbili. Sio mjinga, amedanganywa.

Na hapa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Hatutaki hii iwe sababu nyingine ya askari kuja maskani kupekua mifuko ya vijana na kuwabeba kwa landrova. Tunajua msako unavyoishia, kijana analala seli, mzazi anatafuta pesa, na aliyeleta mzigo yuko kwake analala. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017, na waliokamatwa zaidi ni nani? Sheria iende kwa mwenye duka anayemuuzia mtoto, na iende kwa kampuni. Kijana aliyefungwa na nikotini anahitaji daktari, hahitaji pingu.

Kuna Muswada wa Marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku wa 2024, uliofikishwa Seneti na Seneta Catherine Mumma, unaotaka bidhaa hizi mpya za nikotini zitajwe waziwazi ndani ya sheria. Muulize seneta wako na mbunge wako wanasimama wapi. Muulize pia MCA wako ni zahanati ipi wadini kwenu inayoweza kumsaidia mtu kuacha nikotini. Mimi niliuliza kwetu, nikaambiwa niende hospitali kuu ya kaunti. Nauli kwenda na kurudi ni shilingi 200, na kijana wa maskani hana.

Ah, na suala la Ramadhani. Kuna wanaosema kifuko hakifunguzi kwa sababu hakuna moshi na hujala. Ndugu yangu, ile ladha na nikotini inayeyuka unaimeza na mate. Muulize imamu wako kabla hujajipa fatwa mwenyewe.

Yule kijana wa kikopo nilimrudia juzi. Akaniambia amejaribu kuacha, siku ya pili kichwa kikamuuma na akawa mkali kwa kila mtu nyumbani, akarudia. Akaniuliza, "Sasa kaka, kama haina tumbaku, mbona siwezi kuiacha?" Kama wewe pia uko hapo, tuandikie inboksi. Jina lako halitatoka, na tutatafuta pamoja mahali pa kukusaidia.