Muchezo wa Go: mashini inashinda, lakini nani anaipima?

Tarehe 15 mwezi wa tatu 2016, mjini Seoul, Lee Sedol alimaliza mapambano yake na ordinatere akiwa ameshindwa mara 4 juu ya 5. Mukorea huyu alikuwa amekwisha kuchukua mataji 18 ya kimataifa katika muchezo wa Go, na mbele ya kuanza alisema kwamba yeye njo atashinda, pengine bila kupoteza hata mara moja. Programu iliyomushinda, AlphaGo, ilitengenezwa na DeepMind, kampuni ya London iliyonunuliwa na Google mwaka wa 2014.

Wengi kati yetu hawajaona ubao wa Go. Wachina, wenye kuanzisha muchezo huu zaidi ya miaka 2 000 iliyopita, wanauita weiqi. Zamani, kwao, musomi alipashwa kuujua sawa vile alipashwa kujua kupiga chombo cha nyuzi, kuandika kwa burashi na kuchora. Ubao uko na mistari 19 kwa 19, ni kusema mahali 361 pa kuweka jiwe. Mumoja anaweka mawe meusi, mwengine meupe, na jiwe likishawekwa halitembee tena. Likizungukwa pande zote, linaondolewa. Mwenye kuzunguka eneo kubwa zaidi njo mushindi.

Sheria ni kidogo, lakini njia za kucheza ni nyingi mno hata ordinatere haiwezi kuzihesabu zote. Mwaka wa 1997 Deep Blue ilimushinda Kasparov katika sataranji, zaidi kwa nguvu ya kuhesabu. Kwa Go, mambo yalikuwa tofauti: huko Taiwan kuliwekwa zawadi ya zaidi ya dola milioni 1 kwa programu itakayoshinda kijana mumoja mwenye kucheza kwa kazi. Mwaka wa 2000 ulifika, hakuna aliyeichukua. AlphaGo yenyewe ilionyeshwa michezo ya watu wenye ujuzi, kisha ikacheza na yenyewe mamilioni ya mara. Na ile iliyoifuata mwaka wa 2017, AlphaGo Zero, haikuonyeshwa muchezo wa mutu hata mumoja. Kisha siku 3 tu iliishinda ile ya Seoul 100 kwa 0.

Mwezi wa tano 2017 ilikuwa zamu ya Muchina Ke Jie, wa kwanza duniani wakati ule. Alishindwa 3 kwa 0 kule Wuzhen, katika inchi yake mwenyewe, na habari zilisema kwamba serkali ya China ilikataza kuonyesha mapambano moja kwa moja. (Kukataza kule kulisema mambo mengi kuliko mapambano yenyewe.) Miezi miwili kisha, Pekini ilitangaza mupango wa kuwa ya kwanza duniani katika akili ya mashini mwaka wa 2030. Lee Sedol yeye aliacha kazi ya kucheza mwaka wa 2019, akisema kwamba mashini ni kitu ambacho hakiwezi kushindwa.

Hapo sisi hatukubaliane naye. Mwaka wa 2023, Mumarekani Kellin Pelrine, ambaye si hata muchezaji wa kazi, alishinda KataGo, moja ya programu zenye nguvu sana, mara 14 juu ya 15. Wakati wa kucheza hakusaidiwa na ordinatere. Mbele ya hapo, programu ingine ilikuwa imetafuta uzaifu wa KataGo, naye akajifunza mbinu ile: kuzunguka kundi kubwa la mawe polepole, huku akiisumbua mashini kwenye pembe zingine za ubao. KataGo haikuona kitu mpaka ilipochelewa. Hata mutu mwenye kucheza kidogo angeiona hatari ile.

Hapo hakuna mutu aliyeumia, ni mawe tu. Lakini mashini zilizofundishwa kwa njia kama hiyo leo zinasoma picha za mapafu katika hospitali, zinaamua nani apewe mukopo kwa telefone, zinatafsiri Kiswahili ambacho si kile cha Bukavu wala cha Kisangani. Mashini inaweza kuwa na akili kupita bingwa na bado kukosea penye mutoto hakosei, na inakosea bila kusita.

Inchi yetu iko na sheria juu ya mambo ya numérique tangu mwezi wa tatu 2023. Wabunge na wizara wanapashwa kuongeza jambo moja lililo wazi: programu yoyote inayoamua juu ya afya, feza ao haki ya mukaaji ijaribiwe kwanza hapa, na watu wanaolipwa kwa kazi ya kutafuta namna ya kuiangusha. Matokeo yatangazwe. Na kila mutu ambaye mashini imemukatalia kitu apewe ofisi, yenye mutu ndani, mahali atapeleka malalamiko yake.