Rangi ya Chumba Aichague Alalaye Humo

MTU apitaye kati ya mji wa Kisii na Keroka, au kati ya Nyamira na Kebirigo, hana budi kuona jinsi nyumba za matofali zinavyochipuka katikati ya migomba na majani chai. Kwa nje kila mwenye nyumba amejitahidi kutofautiana na jirani yake. Huyu ana mabati mekundu, yule ana ya kijani, na wa tatu amepaka kuta rangi ya chungwa inayoonekana kutoka kilima cha pili. Lakini ingia ndani utazame. Sebule ni krimu, ukumbi ni krimu, chumba cha wazee ni krimu, na chumba cha kijana wa miaka 15 ni krimu vile vile, kwa sababu baba alinunua ndoo za lita 20 na fundi akaagizwa azimalize zote.

Basi likizo ya Desemba ikifika na watoto wakirudi kutoka shule za bweni, ugomvi huanza. Mvulana ataka chumba chekundu kama jezi ya Arsenal. (Ajabu ni kwamba sijamsikia hata mmoja akiomba chumba chake kipakwe rangi za Shabana, ijapokuwa timu hiyo yetu ilirudi Ligi Kuu mwaka 2023.) Msichana naye ataka zambarau. Mzazi akisikia hayo hujibu kwa swali moja tu: "Hii nyumba ni ya nani?" Mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi nasema mzazi huyo amekosea. Wala sisemi hivyo kwa sababu nimeona vyumba vya vijana wa Ulaya katika sinema. Nasema hivyo kwa sababu ya esaiga.

Kila Mgusii aijua esaiga. Ni ile nyumba ndogo ya mvulana, inayosimama kando kidogo ya nyumba ya mama yake. Mvulana akishatahiriwa, hakutazamiwa tena kulala chini ya paa moja na wazazi wake. Jambo hili lilikuwa la heshima, ile ambayo Abagusii huiita ensoni, ambayo huwawekea mpaka mzazi na mtoto aliyekua. Mvulana hakuingia ovyo alalapo mama yake, na mama naye hakwenda kupekuapekua kitanda cha mwanawe. Waliitana kutoka nje.

Ndani ya esaiga mambo yote yalikuwa ya mwenyewe. Mvulana na wenzake walikata miti, wakakanda udongo, wakakandika kuta. Baadaye, magazeti yalipofika vijijini, kuta hizo zilibandikwa kurasa za magazeti tangu chini hadi juu, picha za wachezaji mpira zikitazamana na picha za waimbaji. Nani aliuliza kama picha hizo zilipatana na mapazia ya sebuleni? Hakuna. Kwa hiyo haki ya kijana kuamua ukuta wake uwe na sura gani haikuletwa na meli. Ilikuwa hapa hapa.

Kilichoiharibu ni ardhi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 1,266,000, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, na Nyamira ina watu zaidi ya 605,000. Shamba ambalo babu alilishia ng'ombe limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata wengine wamebakiwa na nusu ekari yenye nyumba, migomba na makaburi. Mahali pa kusimamisha esaiga patatoka wapi? Basi baba amejenga nyumba moja kubwa ya matofali, akamwingiza mvulana ndani, akampa chumba cha nyuma karibu na stoo.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mvulana amehamishwa kutoka nyumba yake hadi chumba katika nyumba ya baba yake, na katika kuhama huko amepoteza mlango wake, ukuta wake, na ile hodi aliyokuwa akibishiwa. Mzazi hawezi kumrudishia kiwanja. Lakini kuta nne za chumba anaweza kumrudishia, na gharama yake ni mikebe michache ya rangi.

Na msichana je? Hapa hata mila zetu nazisuta. Msichana hakuwahi kuwa na esaiga. Alipokua mkubwa alikwenda kulala kwa magokoro, yaani nyanya yake, na huko alikuwa mgeni katika nyumba ya mtu mwingine hadi siku alipoolewa, akaingia tena katika nyumba iliyojengwa na upande wa mume. Leo, kwa mara ya kwanza, binti wa Kigusii ana chumba chenye mlango na kitasa chake. Kumnyima hata uwezo wa kusema "nataka samawati" ni kumrudisha kule kule kwa magokoro bila ya hadithi za magokoro. Nimeona nyumba ambamo kaka alipewa pesa za rangi na dada akaambiwa asubiri kwa sababu "yeye ni wa kuondoka". Neno hilo ni baya kumwambia mtoto wa miaka 14 ndani ya chumba anacholala.

Sasa, kusema kijana achague si kusema mzazi akae kimya. Yako mambo ambayo kijana hayajui. La kwanza ni mwanga. Nchi yetu ni ya milima na mvua. Katika miezi kama Aprili na Mei mawingu hushuka mchana hata taa zikawashwa saa tisa. Chumba chenye dirisha dogo kikipakwa nyekundu nzito au nyeusi pande zote, kijana atasomea gizani na umeme wa tokeni utakwisha upesi. Mpatane: ukuta mmoja, ule wa kichwani mwa kitanda, uwe mwekundu wa Arsenal, na mitatu iliyobaki iwe myeupe. Tena ile kadi ndogo ya rangi dukani hudanganya. Rangi inayoonekana pole kwenye kadi huwa kali ikishazunguka kuta nne. Nunueni kopo dogo kwanza, pakeni kipande cha upana wa mkono, mkitazame asubuhi na jioni.

La pili ni unyevu. Lipu mpya yafaa ikauke kama mwezi mzima, na kwetu hata zaidi, kabla ya kupakwa. Na ukuta unaopigwa na mvua ukipakwa rangi ya mafuta kwa ndani, maji hukosa pa kutokea, rangi ikafanya malengelenge na kubanduka. Rangi ya maji ndiyo ifaayo chumbani. Chumba cha mita 3 kwa 3 chahitaji lita 5 au 6 kupakwa mara mbili, kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba mkebe mmoja wa lita 4 utatosha.

La tatu ndilo zito. Rangi za mafuta, hasa manjano, chungwa na nyekundu, kwa miaka mingi zimetiwa madini ya risasi ili zing'ae. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kipimo chake kisicho na madhara. Kiwango cha Kenya sasa ni kwamba isizidi sehemu 90 kwa milioni. Rangi isiyo na jina la kiwanda, inayopimwa kwa kopo sokoni, isiingie chumbani hata ikiwa nusu bei. Na rangi kuukuu ya mafuta kwenye mlango isipigwe msasa ikiwa kavu, kwa maana vumbi lake ndilo sumu.

Baadhi ya wazee watasema kwamba rangi kali si za kwetu. La hasha. Nendeni Tabaka mkawatazame wachongaji wa jiwe la sabuni. Jiwe latoka machimboni likiwa jeupe, la waridi au la kijivu. Wao hulisugua kwa msasa na maji, wakalitia rangi ya samawati, nyekundu na chungwa, kisha wakachora juu yake hata weupe wa jiwe ukatokea. Vyombo hivyo huuzwa ng'ambo kwa jina la Kisii. Kama wageni wanatujua kwa rangi hizo, mbona ziwe haramu chumbani mwa mtoto?

Brashi nayo ashike kijana mwenyewe. Mvulana wa esaiga alikandika ukuta wake kwa mikono, na binti wa leo hashindwi na rola. Fundi aitwe kwa dari tu. Kazi ni ya siku mbili ikiwa mvua itaruhusu, na Desemba huwa kuna nafasi. Wakishamaliza, mzazi akitaka kuona walivyofanya, abishe hodi.